Tone Moja la Sandali



Nakiri kwamba kwa miaka mingi niliyatazama manukato kwa jicho la mashaka. Nilipokuwa frateri Segerea, kila nilipopita Kariakoo penye maduka ya udi na marashi niliharakisha hatua, kana kwamba pua nayo ni mlango wa kishawishi. (Walezi hawakutukataza; amri hiyo niliitunga mwenyewe.) Basi mama mmoja wa jumuiya, ambaye binti yake anafanya kazi Muscat, aliponiletea kichupa cha mafuta ya sandali, nilikiweka kabatini pamoja na mishumaa.

Asubuhi moja, kabla ya Misa ya kwanza, nilikifungua kwa udadisi tu. Nikapaka tone moja kwenye kiwiko cha mkono. Mwanzoni lilikuwa kali, kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Wakati wa mahubiri joto la ngozi lilikwisha kulilainisha. Ukatoka utamu kama wa maziwa yaliyochemshwa, na chini yake udongo, udongo ule wa miguuni pa Mlima Kwaraa mvua ya kwanza inapougusa. Wakati wa Masifu ya Jioni, nilipogeuza ukurasa, bado harufu ilikuwapo: ya mti mkavu, tulivu, isiyojitangaza. Wajuzi hueleza kwamba chembe nyepesi, kama zile za ndimu, huruka upesi, bali za mti ni nzito na hushikamana na ngozi. Ndiyo maana watengenezaji huitia sandali chini ya maua, ili iyazuie yasikimbie.

Nikaendelea kujipaka kila siku. Wiki hiyohiyo kijana mmoja alinijia ofisini, si katika kitubio, naye ameniruhusu kusimulia. Alishika bahasha ya shukrani. Nikamwuliza Mungu amembariki kwa kazi gani.

“Msandali, Padre. Tunang'oa.”

Kwa mizizi hiyo alikuwa amemlipia mdogo wake ada.

Msandali wetu, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata, ni ndugu wa ule wa India. Huota polepole kwenye miteremko yenye mawe, mizizi yake ikinyonya ile ya mimea jirani. Mafuta yamo katika kiini cha shina na mizizini. Hivyo mvunaji hakati tawi, hung'oa mti mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake porini mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa nchi zetu, Tanzania ikiwemo, uliingizwa katika mkataba wa CITES ili usiuzwe nje bila kibali. Kijana hakuwa na kibali chochote.

“Sadaka hii inafaa, Padre?”

Jibu la seminari nilikuwa nalo. Lakini mkono wangu ulikuwa unanukia, nami nikauficha chini ya meza. Kichupa hakikuandikwa kimetokana na mti wa wapi. Nikamkumbuka Maria wa Bethania na nardo yake ya dinari 300. Habari hiyo nimeihubiri mara nyingi, daima nikiwa upande wa Maria. Siku hiyo swali la gharama lilikuwa langu, wala halikutoka kinywani mwa mwizi.

Hatimaye nilinyosha mkono juu ya meza nikamwambia anuse. Akainama, akanyamaza kitambo, kisha akacheka kwa mshangao. “Kumbe unakuwa hivi!” Miaka yote aliijua mizizi ndani ya magunia tu, manukato yenyewe hakuwahi kuyanusa.

Nikamwambia ukweli: kung'oa kule aache, na bahasha siwezi kuipokea. Akauliza ada ya muhula ujao itatoka wapi. Sikuwa na jibu. Tumelipeleka suala hilo katika jumuiya yake, na mpaka leo tumepata nusu.

Kichupa kimerudi kabatini. Tone la mwisho lililotoka humo alikwenda nalo yeye, mkononi, akamwonyeshe mama yake.