Chumba cha Mashariki Usikipangishe

Shinyanga,
12 Oktoba 2025

Mume wangu,

 Mvua bado, na kina mama wameshaanza kuangalia mawingu kila jioni. Michembe ya viazi uliyoomba nimekuwekea debe zima.

Simu yako ya Jumapili nimeifikiria siku zote hizi. Nilikwambia nitakujibu kwa barua kwa sababu jambo lenyewe ni la nyumba, na jambo la nyumba halisemwi huku mtu anakimbilia gari la zamu. Unataka kuikarabati nyumba ya babu yako kule Nkome kando ya ziwa, uweke vitanda na sola, uitangaze Airbnb na upangishe kwa usiku. Unasema tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwezi Juni, watu wa Mwanza wanavuka kama wanakwenda sokoni, na wenzako wa mgodini wakipata mapumziko hawajui waende wapi zaidi ya baa za Geita mjini. Yote hayo nakubali. Nyumba isiyokaliwa huliwa na mchwa, na mimi siwezi tena kwenda kuifagia. Baraka zangu unazo, mjukuu wangu.

Ila kabla hujanunua godoro hata moja, nikusimulie jambo ambalo hata mama yako halijui lote.

Mgodi wa Buzwagi ulipokuwa unajengwa, kabla haujaanza kutoa dhahabu mwaka 2009, Kahama yote ilijaa wageni. Vyumba vilitafutwa usiku kwa tochi. Tulikuwa na nyumba ya vyumba sita pale, mimi na marehemu babu yako. Akaja kontrakta mmoja, akataka vyumba vyote kwa ajili ya mafundi wake, na akalipa miezi sita mbele. Sikuwahi kushika fedha nyingi kiasi kile maishani. Nikahamisha vitu vyetu kwenye banda la uani, nikamwambia babu yako tutabanana kidogo. Yeye hakusema kitu. Alichukua kiti chake cha uvivu, akakiweka chini ya mwarobaini, na kuanzia siku ile hakuingia tena kwenye nyumba aliyoijenga.

Mwezi wa tatu, mdogo wangu akafariki. Yule wa mwisho, niliyembeba mgongoni. Maiti ikaletwa Kahama kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Mume wangu, hatukuwa na sebule ya kumlaza. Wapangaji walikuwa wamelipa, wengine wamelala wakisubiri zamu ya usiku, na mimi nikashindwa kwenda kuwagongea. Jeneza lililala kwa jirani. Turubai lilifungwa kwa jirani. Wajomba zako waliotoka Tinde na Nindo walikaa matanga kwenye uwanja wa mtu mwingine, na mimi nikawa napita na sahani za ugali mbele ya mlango wangu mwenyewe kama mhudumu. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Lakini tangu msiba ule ndugu zangu wakija Kahama walifikia kwingine, na sikupata uso wa kuwauliza kwa nini. Kosa halikuwa la kontrakta wala la wale vijana mafundi, walikuwa watu wa adabu. Kosa lilikuwa langu. Nilipangisha mpaka nikajipangisha.

Na fedha zile? Mgodi ulifika mwisho wake, kufikia 2021 ulikuwa umeingia kwenye hatua ya kufungwa, na vyumba vilivyojengwa kwa mikopo Kahama vikabaki vinatafuta watu. Mgeni wa mgodi ni mgeni wa mwamba, mwamba ukiisha naye anaondoka. Usiweke hesabu yako yote kwa hao wenzako.

Sharti langu ni hili. Nyumba ya Nkome ina vyumba vinne. Vitatu pangisha. Chumba cha mashariki, alichokuwa analala babu yako, kifungwe na ufunguo ukae kwa familia mwaka mzima, hata kama siku hiyo kuna mtu anakupa fedha maradufu. Na kuanzia tarehe 20 Desemba mpaka wiki ya kwanza ya Januari, nyumba yote ifungwe kwa wageni. Hapo ni kwetu.

Najua utasema hizo ndizo siku zenye fedha. Ndiyo. Ndiyo maana nazitaja. Wewe umezaliwa Geita, umekua kwenye vumbi la malori, ngitili unaisikia tu. Babu zangu walikuwa wanafunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, nyasi zikiwa ndiyo kwanza tamu na ng'ombe wanalia wakiziangalia. Hakuna anayeingiza mfugo. Nyasi zinakua, zinakauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikikaza ndipo ngitili inafunguliwa. Tukaja kuacha, miti ikakatwa, wakati wa vijiji vya ujamaa watu wakahamishwa wakaziacha ngitili zao nyuma, na Shinyanga ikawa vumbi tupu. Nilikuwa mama mzima mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi ulipoanza mwaka 1986. Mabwana misitu walikuja na miche, lakini baadaye wakaona ni bora kuwauliza wazee, na wazee wakawaambia habari ya ngitili. Zikarudi zaidi ya hekta 300,000 mkoani. Nimeona kwa macho yangu mibuyu ikipata tena majirani. Ngitili hufungwa wakati wa neema, maana kiangazi hakuna cha kufunga. Desemba ya nyumba ile ifanye hivyo hivyo.

Jambo la pili ni hicho kibanda cha nyasi unachotaka kukijenga chini, mchangani kabisa, ili wageni walale wakisikia mawimbi. Hapo nakukataza.

Babu yako alikuwa Mzinza wa ufukwe ule, na ziwa alilijua kama mimi ninavyojua mbuga ya mpunga. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa chini, karibu na maji. Kisha zikaja mvua za mwaka wa Uhuru, na ziwa likaanza kupanda. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, na halikurudi lilikokuwa. Alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu, akamsaidia mama yake kubeba vyungu. Jiwe la kusagia lilikuwa zito, wakaliacha. Tulipooana alinipeleka kwa mtumbwi akanionyesha mahali lilipo, chini ya maji, na akaniambia, "Pale ndipo mama alipokuwa anapiga magoti." Ndiyo sababu mwaka 1972 alijenga juu, kwenye mawe makubwa, watu wakimcheka kwamba amelikimbia ziwa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, mwezi Mei likapita hata alama ya 1964. Wewe mwenyewe ulinipigia simu kwamba maji yamefika kwenye mwembe. Nyumba ilibaki kavu. Ukijenga, pima kwa kule maji yalikowahi kufika, usipime kwa yalipo leo. Sheria nayo imesema, ile ya Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hapajengwi kitu cha kudumu. Choo na karo lake vilevile vikae juu. Yale maji ndiyo ya kunywa ya watu.

Halafu hao kina mama wa dagaa. Umesema harufu itawafukuza wageni na kwamba unafikiria kuweka uzio mpaka majini. Mume wangu, usifanye hivyo. Njia ile kutoka mwaloni kupita mbele ya nyumba yetu ilikuwepo kabla ya nyumba. Wanaoanika pale ni watoto wa wanawake waliokaa na mimi siku arobaini nilipojifungua mama yako. Unaniambia habari za fukwe za Paje na Nungwi, nami nakuuliza: kule Paje kina mama si wanalima mwani kwenye maji yale yale wageni wanayoogelea? Mgeni akiambiwa vizuri anakaa na mwenyeji.

Tena ukiwa mwerevu utakwenda na mwezi. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika, mchanga unakuwa mtupu, na ziwa lote linakuwa kama sahani ya bati iliyosuguliwa. Hizo ndizo siku za mgeni anayetaka ufukwe mweupe. Mwezi ukifa, ufukwe ni wa kina mama, na anayekuja wakati huo mwambie kabisa atakuta dagaa, lakini usiku akitoka barazani ataona taa za wavuvi zimejipanga majini kama mji mwingine umejengwa ng'ambo. Wapo watakaolipa kwa ajili ya hilo tu. Desemba hii mwezi unakuwa mpevu usiku wa tarehe 4 kuamkia tarehe 5, na tarehe 20 ni giza kamili. Wageni waje mwanzoni, sisi tutakula dagaa wabichi mwishoni.

Makaburi yetu hapo nyumbani usiyafiche. Rafiki yako amekushauri upande maua marefu ili wageni wasiyaone. Babu yako hakufanya aibu yoyote hata afichwe. Fagia, paka chokaa, weka benchi upande wa pili wa uwanja kwa wanaotaka kuchoma nyama, na mgeni akiuliza, mwambie aliyejenga nyumba hii amelala pale. Atakayeogopa atalala mjini.

Mengine ni madogo. Nenda kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kufungua, na leseni ya halmashauri ikate mapema. Daftari la wageni liandikwe kila usiku, jina na atokako, na binti mdogo akiletwa na mwanamume asiye ndugu yake, usipokee fedha hiyo. Waambie wageni wasiingie majini kwenye magugu na matete, kichocho kipo na mamba wapo. Wao hawajui, wanaona maji matamu tu. Yule mzee anayelinda nyumba mlipe kwa mwezi, usimlipe kwa mgeni.

Mimi nitakuja Desemba, Mungu akipenda. Nitapitia Mwanza badala ya Kahama, nivuke daraja. Mara ya mwisho nilipovuka pale Kigongo ilikuwa 2013, tukiwa na babu yako ndani ya jeneza, na kivuko tulikisubiri tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Nilikaa juu ya mawe kando ya gari, nikimpepea na kumfukuzia inzi kwa kanga, kama vile bado anahisi joto. Sasa nasikia ni dakika chache tu. Mwambie dereva apunguze mwendo katikati.

Godoro la chumba cha mashariki usilibadilishe. Litoe tu juani.

Bibi yako