Daftari la Safari ya Loyola



Tangu mwaka jana, kila Jumapili baada ya Misa ya pili, sisi makatekista watatu hukaa chini ya mwembe wa parokia tukiwa na daftari moja, kalamu na kikokotozi. Mmekwisha kutuona, na baadhi yenu mmetucheka. Daftari hilo ni la safari ya Nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, alikozaliwa Mtakatifu Inyasi wa Loyola mwaka 1491. Tumetamani kwenda watu watano: sisi watatu na vijana wawili kati yenu. Twaandika leo ili mjue daftari limefikia wapi, kwa maana fedha zilizoandikwa humo si zetu peke yetu. Mmo ninyi mliouza maandazi, na mliofyatua matofali.

Mwanzoni tulikosea kama wakosavyo wote wasiowahi kusafiri: tulianza na mji wenye sifa. Tuliandika San Sebastián, ambao Wabaski wenyewe huuita Donostia, kwa kuwa tulivutwa na picha za ghuba yake ya La Concha. Kutazama bahari hakulipiwi, ni kweli. Lakini mji huo hujaa wageni miezi ya Julai na Agosti, na kitanda kimoja huko kingemeza akiba ya mwezi mzima. Mei tungepata nafuu, na Oktoba vilevile. Ila mwalimu hawezi kuliacha darasa lake Mei, wala Oktoba. Likizo yetu ndiyo likizo ya Ulaya nzima. Basi tukaufuta mji ule kama mahali pa kulala, tukaubakiza kama mahali pa kupita.

Tukageukia Bilbao. Ndege ya kutoka Lubumbashi kupitia Addis Ababa itatufikisha Madrid, na kutoka hapo basi huchukua karibu saa tano kufika Bilbao, kwa bei ndogo kuliko ndege ya pili. Mjini Bilbao lipo jumba la makumbusho la Guggenheim, lililofunguliwa mwaka 1997, lenye kuta za madini ya titani zinazong'aa kama magamba ya samaki. Ndani hulipiwa, nje ni bure, na wengi husema uzuri wake uko nje. Tumejiandikia nje. Karibu na bahari lipo daraja la chuma la mwaka 1893, ambalo halina barabara juu yake: watu na magari huingia katika chumba kilichoning'inizwa kwa kamba za chuma, nacho huwavusha mto. Mtu wa miguu hulipa chini ya euro moja. Mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo kabla hajawa katekista, asema kwa daraja hilo peke yake angefunga safari.

Kutoka Bilbao treni ndogo huenda Gernika. Hapo upo mwaloni ambao chini yake watawala wa Bizkaia walikuwa wakiapa kuziheshimu sheria za wenyeji, na kuuona hakuna kiingilio. Mji huo ulipigwa mabomu na ndege za Wajerumani na Waitalia tarehe 26 Aprili 1937, Jumatatu, siku ya soko. Picha kubwa aliyoichora Picasso juu ya msiba huo haiko Gernika bali Madrid, katika makumbusho ya Reina Sofía, ambayo jioni kadhaa za juma hufungua milango bila malipo. Tumeiandika, kwa kuwa tutapita. Habari ya bomu juu ya siku ya soko, sisi wa nchi hii hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kuhusu kulala, tuligundua nyumba za mahujaji. Njia moja ya zamani ya kwenda Santiago de Compostela hupita Nchi ya Wabaski, kutoka Irun mpakani mwa Ufaransa hadi Bilbao na kuendelea. Mwenye kitambulisho cha hujaji, kinachopigwa mhuri kila kituo, hupokelewa kwa bei ndogo. Na ziko nyumba zisizotaja bei kabisa, mtu huweka sandukuni alicho nacho. Hata watawa wa monasteri ya Zenarruza, kule vilimani, hupokea mahujaji. Lakini nyumba hizo ni za watembea kwa miguu, na mara nyingi kwa usiku mmoja tu. Mama katekista wetu, mwenye goti linalomsumbua, alinyamaza kidogo, kisha akasema tuandike siku mbili za kutembea, si sita. Tukaandika mbili. Chakula hakikutusumbua: maji ya bomba hunyweka, mkate na jibini vyapatikana sokoni, na siku za kazi migahawa huwa na mlo kamili wa mchana kwa bei moja. Tujihadhari tu na vile vitafunio vya juu ya mkate waviitavyo pintxo, kwani kimoja kimoja ni bei ndogo, lakini humaliza mfuko kama brosheti za jioni.

Lililotusumbua ni viza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hazirudi. Inatakiwa bima ya angalau euro 30,000 ya matibabu. Tena inatakiwa uonyeshe kwamba unazo fedha za kutosha, wakati daftari lako lote limejaa ushahidi kwamba huna. Mwisho, kwa vijana wawili, sisi wakubwa tutie sahihi kwenye barua ya kusema kwamba watarudi.

Hapo ndipo jambo lilipotushika. Mmoja wa vijana hao wawili alikuja jioni moja, akaketi, akaomba daftari. Ametukubalia tuyaandike haya bila kumtaja. Alifungua ukurasa wa usafiri, akaweka kidole pale tulipoandika treni ya bei nafuu kutoka San Sebastián kwenda Irun, nasi kwa ushamba wetu tulikuwa tumeongeza kwamba huendelea hadi Hendaye. Akauliza: “Mwalimu, Hendaye ni Ufaransa?” Tukasema ndiyo. Akanyamaza. Kisha akasema: “Sitaki kuwadanganya. Nikiipanda hiyo treni, sitarudi.”

Tulimwambia tuliyoyajua. Kati ya Irun na Hendaye kuna mto Bidasoa, mfupi na usio mpana, na tangu mwaka 2021 vijana kadhaa kutoka Afrika wamekufa maji humo, wakitafuta kuvuka kwa sababu walirudishwa darajani. Naye akatujibu kwa habari za Iñaki Williams, mchezaji wa Bilbao mnayemjua kuliko sisi: wazazi wake Waghana walivuka jangwa, na leo mtoto wao ni fahari ya mji. Hatukuwa na la kukanusha. Tuliongeza tu kwamba Iñaki mwenyewe amesimulia jinsi nyayo za baba yake zilivyoungua mchangani, na jinsi mama yake alivyomficha habari hizo hadi alipokuwa mtu mzima. Tena Iñaki ni Inyasi kwa Kibaski; jina hilo alipewa kwa heshima ya padri mmoja wa Bilbao aliyewasaidia wazazi wake. Kijana akatabasamu. Hakubadili neno lake.

Usiku ule tulisoma upya habari za Inyasi aliporudi kwao Azpeitia mwaka 1535, akitoka masomoni Paris juu ya farasi mdogo aliyenunuliwa na wenzake. Kaka yake alimwandalia chumba katika ngome ya ukoo, ile nyumba ya mawe chini na matofali juu ambayo tunataka kuiona. Inyasi alikataa. Alilala Magdalena, hospitali ya maskini, akaomba chakula mlango kwa mlango kijijini kwake mwenyewe. Akaanza kuwafundisha watoto katekisimu kila siku. Kaka yake akamwambia hakuna atakayekuja. Naye akajibu kwamba mmoja akija, atatosha. Hakukaa sana, miezi mitatu hivi, na kabla ya kuondoka alihakikisha mji umeweka utaratibu wa kuwasaidia maskini wake. Kanisa dogo la Magdalena lingalipo. Hatukuwa tumeliandika katika daftari. Sasa limo, mbele ya basilika.

Mmoja wetu ashikilia kwamba kijana aliyesema kweli ndiye wa kuchukuliwa. Wa pili asema sahihi yetu ni ahadi mbele ya watu, na kwamba tukiitia tukijua, tutakuwa tumewafungia mlango wote mtakaotaka kusafiri baadaye. Wa tatu hulia kila tunapolizungumza. Tulijaribu kumrudishia kijana dola 40 zake za matofali. Akazikataa, akasema zilikuwa za Loyola, si zake.

Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Twataka kuwa Loyola tarehe 31 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Inyasi, kwa hiyo dirisha hilo litafunguka mwishoni mwa mwezi huu. Barua bado haina sahihi. Jina lake tumeliandika kwa kalamu ya risasi. Treni haifiki Azpeitia, na hesabu ya mabasi imetushinda. Yeye ndiye aliyejitolea kuipanga, naye ataileta Jumapili chini ya mwembe.