Mlango Ukibamizwa

Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Mama alirudi jioni na bandeji usoni. Aliposikia kishindo cha kwanza alikimbilia dirishani kuchungulia, kama wengi siku ile. Cha pili kikawamwagia vioo.

Tangu hapo, mlango ukibamizwa tu, mtoto yuko chini ya kitanda. Nikamdanganya eti ni tairi lilipasuka mjini. Wapi!

Usiku mmoja nikajipenyeza huko chini. Nikamwambia ukweli: lilikuwa bomu, watu walikufa, hata mimi naogopa. Tukavuta pumzi polepole, tukihesabu. Nikamfunza: ukisikia kishindo, usiende dirishani, lala chini.

Akanyamaza. Kisha, "Kaka, mbona Mama hakuambiwa?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu.