Ratili Ziliondoka, Eka Zikabaki

Mwishoni mwa miaka ya 1960, nilipoajiriwa kupima bidhaa nyuma ya kaunta ya duka moja mjini Karatina, sukari ilikuwa ya ratili, chumvi ya ratili, hata misumari ya ratili. Kitambaa kiliuzwa kwa yadi, mafuta ya taa kwa galoni au chupa. Mawe ya mizani niliyajua kwa kiganja, hata taa ikizimika. Kisha serikali ikatangaza kwamba nchi inahamia vipimo vya mita, na miaka ya 1970 ilipoanza mkaguzi akafika, akaipiga muhuri mizani mpya, akatuambia mawe ya zamani tusiyaweke tena kaunta.

Wateja hawakukasirishwa na jina la kilo. Kilichowakasirisha ni bei. Ratili ni gramu 454, nusu kilo ni gramu 500. Aliyezoea kununua ratili moja sasa alipimiwa nusu kilo na kuombwa senti kadhaa zaidi. Ilikuwa haki, maana sukari iliongezeka kwa karibu sehemu moja ya kumi, lakini nyongeza hiyo haionekani ndani ya karatasi. Bei ndiyo inayoonekana. Mama mmoja wa upande wa Ragati aliniambia, "Kijana, hii kilo yenu imekuja na njaa." Kwa kitambaa kilio kilikuwa kile kile, kwa sababu mita inaizidi yadi kwa sentimita karibu tisa.

Nimesikia wasomi wakisema wazee walishindwa na hesabu za kumi kumi. Waliosema hivyo hawakuwahi kununua kitu Karatina siku ya soko. Shilingi yetu ilikuwa na senti 100 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilhali Waingereza walibaki na shilingi ya peni 12 mpaka Februari 1971. Akina mama waliokuwa wakiuza maharagwe wangeweza kumfundisha karani wa London.

Kwa hiyo ratili ilikufa upesi. Palikuwa na mizani, palikuwa na mkaguzi, na viwanda vilianza kuleta pakiti zilizoandikwa gramu. Kule Kiganjo maziwa yakahesabiwa kwa lita, na kwenye viwanda vya kahawa mkulima akaandikiwa kilo. Ila ratili nyingine zilijificha. Gunia la mahindi la kilo 90, kwa mfano: ni nani angekaa chini achague tisini? Ni ratili 200 za wakoloni, zikapunguzwa kidogo tu ili hesabu isiwe na mkia.

Mahali pasipokuwa na mizani, mambo yalikwenda kwa njia yao. Debe lililoleta mafuta ya taa, la galoni nne za Kiingereza, liliendelea kupima viazi na mahindi. Halafu ikaja gorogoro, mkebe wa kilo mbili za mafuta ya kupikia. Hapo nilicheka: mkebe uliozaliwa katika kilo ukageuka kuwa kipimo kisichojali kilo, maana mahindi yanayojaa humo si uzito ule wa mafuta. Tena muuzaji mjanja huligonga tako la mkebe libonyee kwa ndani. Mnunuzi mjanja naye hutia mkono kwanza.

Lakini lililonishangaza zaidi miaka yote hii ni ardhi.

Baba yangu alipata shamba lake wakati wa Hali ya Hatari, mashamba ya Nyeri yalipounganishwa chini ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Vipande vya kila ukoo vilivyotawanyika mabondeni na miteremkoni vilipimwa, vikajumlishwa, kisha kila mtu akaonyeshwa pahali pamoja. Wapimaji waliburuta mnyororo wa futi 66; minyororo kumi ya mraba ni eka moja. Wengine walipimiwa wakiwa kizuizini, wakarudi na kuambiwa hii ndiyo yako. Ndiyo maana idadi ya eka haikuwa tarakimu tu. Ilikuwa ushahidi, kitu ambacho mtu aliweza kukisimamia mbele ya wazee. Baba alikuwa na eka nne. Hati iliyotolewa baadaye inasema hekta 1.62, naye hakuwahi kuitamka namba hiyo. "Hekta ni za serikali," alikuwa akisema.

Watu wa huku hawakuishia hapo. Mashamba yalipozidi kugawanywa, waliikata eka mafungu kumi, na fungu moja wakaliita pointi. Eka nne kwa wana watano ni pointi nane kila mmoja. Yaani walichukua kipimo cha Mwingereza, wakakifanyia hesabu ya kumi kumi ya Mfaransa, bila kuagizwa na sheria yoyote. Mpima ardhi akija leo na mitambo yake ataandika hekta 0.324, kisha kabla hajafunga begi atawaambia vijana kwamba ni pointi nane. Asiposema hivyo hawatamlipa.

Kwenye ploti za mjini ni futi. "Hamsini kwa mia" ndiyo ploti, Nyeri, Karatina, Nanyuki. Huitwa thumuni ya eka, ingawa thumuni kamili ni futi za mraba 5,445, na hamsini kwa mia ni 5,000. Sijaona mnunuzi akiuliza zile 445 zilikwenda wapi. Mbao nazo ni mbili kwa nne, kwa futi. Hata kibao cha ikweta pale Nanyuki kinawaambia watalii kwamba wamesimama futi 6,389 juu ya bahari. Wamarekani hufurahi, kwa kuwa sheria yao ya mwaka 1975 ilifanya kuhamia vipimo vya mita kuwa jambo la hiari, na hiari yao wameitumia kubaki walipo.

Viazi ndivyo vinavyoniuma. Mwaka 2005 serikali iliweka gunia la kilo 110, na kanuni za 2019 zikashusha hadi kilo 50. Kule Kieni na Kibirichia gunia liliendelea kuvikwa mukurino, kilemba cha wavu juu ya mdomo, likafika kilo 150 na kupita. Si ukaidi wa mila. Mchuuzi hulipa ushuru kwa gunia, hulipa lori kwa gunia, na humlipa mkulima kwa gunia, basi gunia kubwa linamfaa mara tatu. Mkulima ana viazi vitakavyooza.

Mpwa wangu alinunua mizani ya kuning'iniza, akamwambia mnunuzi kwamba safari hii ni kilo. Mnunuzi aliitazama, akapanda lori, akaenda kwa jirani. Wiki haikuisha kabla mpwa wangu hajauza, kwa gunia, pamoja na mukurino wake.