Ile Video Niliyofuta

Wasee, mmeniuliza sana ile video ya Ramadhani ilienda wapi. Niliifuta mwenyewe. Wacha niwaambie kwa nini.

Pale nilikuwa nawachamba wanaokuja tarawehe na kanzu za bei na viatu vipya. Nikatumia hadithi ya Ibn Mas'ud, ile iliyo kwa Muslim, kwamba mwenye chembe ya kiburi moyoni haingii peponi. Ikapata watazamaji elfu 40. Nikajiona sheikh.

Jioni soja wa ploti yetu hapa Eastleigh, mzee mpole tu, akaniambia akinifungulia geti: "Kijana, ile hadithi hukuimaliza. Kuna mtu aliuliza hapo hapo, je, nikipenda nguo nzuri na viatu vizuri? Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Alisema kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu."

Unajua nilimjibu nini? "Mzee, wewe fungua geti tu."

Mimi huyo, niliyeacha chuo mwaka wa pili.

Nikapanda juu nikaisoma yote. Mzee alikuwa sahihi, neno kwa neno. Kuikataa haki, nimefanya. Kumdharau mtu, nimefanya. Zote kwa dakika moja, na nilikuwa nimevaa malapa!

Usiku huo nikakumbuka kisa cha madrasa. Mwaka wa 8 Hijria Mtume anaingia Makka, mji uliomfukuza, sasa yeye ndiye mshindi. Wanaosimulia wanasema aliinamisha kichwa juu ya ngamia mpaka ndevu zikakaribia kugusa tandiko. Mji mzima uko mkononi mwake, na kichwa kiko chini. Mimi na elfu 40 zangu za simu, kichwa kilikuwa hakipiti getini.

Ningependa kusema niliifuta saa hiyo hiyo. Wapi! Kuna duka lilikuwa limenitafuta nilifanyie tangazo kwa sababu ya hiyo video, na kodi ilikuwa imefika. Nilikaa nayo siku tatu. Nikawa napita getini nikijifanya naongea na simu.

Siku ya nne nikaifuta, nikashuka kumwomba mzee msamaha. Akasema yameisha, akanisogezea kiti. Tukakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Na wale elfu 40, umewaambia?"

Ndiyo nawaambia sasa.