Maumivu ya Hedhi na Karatasi ya Maabara



Mlango wa hedhi niliuhifadhi nikiwa kijana mdogo, nimeketi mkekani mbele ya mwalimu wangu, wala nusu ya maneno yake sikuwa nayafahamu. Safinatun-Najaa imeyakusanya kwa ufupi: uchache wa hedhi ni mchana na usiku wake, ghalibu ni siku 6 au 7, na wingi wake ni siku 15. Ni zaidi ya miaka 30 sasa nausomesha mlango huo. Huku Free Area, Nakuru, huusomesha Jumamosi baada ya Alasiri, akina mama wakiwa nyuma ya pazia, maswali yao yakinijia kwa vikaratasi. Je, niswali? Je, nilipe saumu? Nami hujibu. Sikumbuki hata mara moja niliyomrudishia mwenye karatasi swali: na maumivu je?

Ninayoyaandika leo yanamhusu binti yangu, naye amenipa idhini. Tangu abalehe, kila mwezi alikuwa halali siku mbili tatu, amejikunja kitandani, chupa ya maji moto tumboni, skuli haendi. Mama yake aliniambia. Nilimjibu kwamba ndivyo Mwenyezi Mungu alivyowaandikia mabinti wa Adamu, avumilie, atapata ujira. Miaka 6 ilipita kwa jawabu hilo. Aya ya 222 ya Suratul-Baqara imeiita hedhi "adha", nami nilikuwa nikilifasiri neno hilo kwa waume peke yao, niwakanye kuwakaribia wake zao, bila kufikiri kwamba adha hiyo ina mwenye kuihisi.

Siku alipozirai akichukua udhu ndipo tulipompeleka hospitali. Daktari, mama wa makamo, alimpiga picha ya mawimbi ya sauti, akaona kwenye ovari ya kushoto kifuko kilichojaa damu nzito nyeusi. Akaagiza damu ipimwe kialama kiitwacho CA-125. Majibu yakaja 88, na karatasi ikasema kawaida ni chini ya 35. Kijana aliyetukabidhi bahasha akatuambia, bila kuulizwa, kuwa hicho ni kipimo cha saratani.

Siku tatu zilizofuata nyumba yangu ilikuwa ya matanga kabla ya maiti. Dada yangu alipanda basi la usiku kutoka Mombasa. Mke wangu hakupika. Binti mwenyewe aliniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, nianze kulipa saumu zangu sasa?" Sikuwa na la kumjibu.

Daktari alipotuona hali zetu alisikitika. Alitueleza kwamba CA-125 ni protini ambayo hupanda kwa sababu nyingi: saratani ya ovari ni mojawapo, lakini pia uvimbe wa mji wa mimba, ujauzito, hata hedhi yenyewe. Tena saratani ikiwa bado changa mara nyingi haiipandishi. Hapo nikamwelewa kwa lugha ya kwetu. Kipimo hiki ni qarina, dalili ya kumwongoza kadhi. Hakisimami mahali pa mashahidi wawili waadilifu. Kadhi anayehukumu kwa qarina moja amedhulumu, na sisi tulikwisha kumhukumu binti yetu.

Alichokuwa nacho ni endometriosisi. Tishu mfano wa utando wa ndani ya mji wa mimba huota mahali pengine: juu ya ovari, nyuma ya tumbo, hata mbali zaidi. Wakenya wengi walilisikia jina hilo kupitia mtangazaji Njambi Koikai, ambaye maradhi haya yalimfika mapafuni, akafariki Juni 2024. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa anayo, na hakuna kipimo cha damu cha kuyathibitisha peke yake. Kwa hiyo anayeugua hukaa miaka akiambiwa avumilie. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema.

Nilimwuliza daktari chanzo cha maumivu. Akataja homoni za steroidi. Huku kwetu Bonde la Ufa, kwenye nchi ya wakimbiaji, neno hilo hutajwa kwa aibu, lakini mwili wenyewe hutengeneza steroidi kutokana na kolesteroli. Estrojeni huunenepesha utando wa mji wa mimba, projesteroni huutuliza, zote mbili zikishuka, utando humomonyoka na hedhi huja. Zile tishu zilizopotea njia nazo huitikia wito uleule, zikavuja damu isiyo na pa kutokea. Zaidi ya hayo, hujitengenezea estrojeni yao wenyewe, na projesteroni haziisikii vizuri.

Dawa aliyoandikiwa ni vidonge vya homoni ya jamii ya projesteroni. Hapo dada yangu akasimama. "Kaka, mwali hajaolewa umpe vidonge vya uzazi? Watu wakijua, nani atamposa?"

Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe, alipokwenda Hija, alimeza vidonge vya homoni kuzuia hedhi apate kutufu, na sote tukamwombea kheri. Basi iweje iwe halali kwa tawafu, kisha iwe aibu kwa msichana anayetaka kulala usiku bila kulia? Dawa huhukumiwa kwa kusudio lake, na tumeamrishwa kujitibu. Dada alinyamaza, sidhani aliridhika. Lakini ndiye aliyekwenda kuvinunua.

Ni mwaka na nusu sasa. Kifuko kimepungua, na daktari humwona kila baada ya miezi 6. Miezi ya mwanzo alikuwa akitokwa na matone ya rangi ya kahawia, akaniuliza hukumu ya swala yake, nikamjibu kwa furaha ambayo sijapata kuwa nayo katika mlango ule.

Jumamosi iliyopita kilipitishwa kikaratasi chini ya pazia: damu imepita siku 15, afanyeje? Kabla sijafungua kitabu nilimwomba mke wangu aende upande wa pili, amwulize mwenye swali anaumwa wapi, tangu lini, na kama amewahi kumwona daktari. Alikaa naye muda mrefu. Darsa ilichelewa hadi karibu na Magharibi.