Kwa Miguu Kutoka Lushoto Hadi Irente

Asubuhi ya mwezi Julai, Lushoto ni baridi ya sweta juu ya sweta. Mji uko takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Wajerumani walioukimbilia kukwepa joto la pwani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Nilikunywa chai ya tangawizi kwenye kibanda karibu na stendi, nikashika njia ya Irente. Kijana wa bodaboda alinifuata hatua kadhaa.

"Kaka, huko ni mlima mtupu. Panda nikupeleke."

Nikamwambia mlima ndio nilioufuata. Akacheka, akageuza pikipiki.

Njia inapanda taratibu kupitia Yoghoi. Bondeni kuna vijishamba vya kabichi, karoti na hoho vilivyopangana kando ya mifereji ya maji. Juu yake mahindi yaliyokwisha vunwa, migomba, kisha mikaratusi. Akina mama walikuwa wakiteremka na matenga kichwani, wakiwahi soko. Kila mtoto niliyekutana naye aliniamkia, na mimi nikawa naitikia marahaba huku nikihema.

Kwenye kona moja nilimkuta mama na kijana wake wamo shambani, ubavuni mwa kilima, majembe mkononi.

"Shikamoo mama. Poleni na kazi."

"Marahaba mwanangu, tushapoa. Karibu shamba."

Nikakaa kwenye jiwe nikawatazama. Walikuwa wakichonga ngazi, na walianzia chini, si juu. Wanakata udongo mwekundu upande wa mlimani na kuusogeza upande wa bondeni mpaka ipatikane sehemu tambarare yenye upana wa kitanda. Wakipanda kuchonga ngazi inayofuata, kwanza wanakwangua udongo wake mweusi wa juu na kuushusha ufunike ile ya chini, maana huo ndio wenye rutuba. Ngazi haiachwi itazame bonde. Inainamishwa kidogo kuelekea mlimani ili maji ya mvua yatulie na kuzama. Mwishoni kijana alichomeka ukingoni vipande vya majani ya Guatemala, akavishindilia kwa kisigino.

"Haya majani ndiyo yananilipa," mama alisema. "Nakata, ng'ombe anakula, samadi inarudi hapa hapa. Bila ng'ombe nisingejisumbua."

Maneno hayo nilitembea nayo, kwa sababu milima hii imewahi kulimwa kwa amri. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha huko Mlalo, kaskazini mwa Lushoto, mradi wa kuokoa udongo, na baadaye ukapanuliwa kwenda sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walilazimishwa kupiga matuta ya kukingama mteremko, aliyekaidi aliadhibiwa. Wakubwa wale hawakukosea walipoona kwamba udongo unakwenda na maji. Lakini matuta yao yalikula nguvu za watu, za wanawake hasa, bila kuongeza kitu cha maana chunguni, na wengi walihofu kwamba mwisho wa yote ni kunyang'anywa ardhi. Hasira hiyo iliivunia TANU wafuasi milimani, na mwaka 1957 mradi ukaachwa.

Mwaka 1981 ulikuja mwingine, SECAP, wa serikali ya Tanzania kwa msaada wa Ujerumani. Nao ulitaka mistari ikingame mteremko, ila safari hii mistari ilipandwa miti na majani ya mifugo, na watu wakahimizwa kufugia ng'ombe zizini. Mradi ulishafungwa zamani, lakini ukingo ambao mama yule anaupanda leo ni wa aina ileile.

Si kila shamba limechongwa. Ng'ambo ya bonde niliona mteremko uliolimwa wima, juu kwenda chini, umebaki na makovu mekundu ya masika yaliyopita. Mzee aliyekuwa akipalilia maharage kando ya njia alinieleza kwamba lile ni shamba la kukodi.

"Umekodi msimu mmoja, uchonge ngazi umwachie nani?"

Baada ya Yoghoi nyumba zinapungua, njia inapita kwenye miti, halafu mlima unakatika ghafla. Hapo ndipo Irente. Kutoka kwenye mwamba ule ardhi inaanguka karibu kilomita nzima mpaka uwandani. Chini kuna Mazinde, mistari ya mkonge, na barabara ya Arusha, malori yakienda kana kwamba hayaendi. Upepo ulikuwa mkali, nikasimama mbali na ukingo. Ukitazama tofauti ya kimo hicho, huhitaji mtaalamu akueleze kwamba udongo ukishateremka huko haupandi tena.

Kwa wanaopanga miradi ya hifadhi ya milima yetu, iwe Usambara, Uluguru au Upare, safari hii fupi inatosha kuwa somo. Mkulima ataulinda udongo akipata cha kuvuna kwenye ukingo wenyewe, na akiwa na hakika kwamba shamba litakuwa lake msimu ujao. Amri peke yake ilishajaribiwa hapa, ikashindwa.